Kukaa na mwanafunzi wa kigeni nyumbani, Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumbani kwetu Mwanga tumekaa na wanafunzi wa vyuo kutoka nje kwa miaka kadhaa sasa, wengine wiki tatu, wengine miezi sita. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa sokoni, kwenye vikoba na nje ya ibada, na akina mama wanaofikiria kupokea mwanafunzi na akina baba wanaotaka kujua kwanza gharama. Nimeyajibu kama ninavyowajibu wao. Palipo na jibu tayari kwenye swali jingine, nimekuelekeza huko.

## Kabla hujasema ndiyo

Ni wanafunzi gani hasa wanaotafuta familia hapa Kigoma?

Wengi huvutwa na sokwe na ziwa. Gombe iko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji, na tangu Jane Goodall alipofika mwaka 1960 watafiti hawajakoma kuja. Kusini kuna Mahale, ambako Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kazi yao mwaka 1965. Wengine hufuata samaki na maji ya Tanganyika, ziwa lenye kina kinachofika mita 1,470, na hao utawasikia wakitaja TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kila siku. Wapo wa udaktari na uuguzi wanaokuja kufanya mazoezi hospitalini kwa wiki chache, wapo wanaosoma mambo ya wakimbizi kwa sababu ya kambi ya Nyarugusu, na wapo waliokuja kujifunza Kiswahili basi.

Halafu kuna majirani zetu. Mtu akisikia "mwanafunzi wa kigeni" anamwona Mzungu kichwani, lakini kijana wa Bujumbura au wa Uvira aliyekuja kusoma hapa naye ni mgeni, na mara nyingi ndiye anayehangaika zaidi kupata chumba. Karibu yote yaliyoandikwa hapa yanamhusu yeye pia.

Lazima niwe na nyumba kubwa na choo cha ndani?

Hapana. Jambo ambalo mimi silegezi ni moja: chumba chake peke yake, chenye mlango unaofungwa kwa ndani na ufunguo anaokaa nao mwenyewe. Humo awe na kitanda, neti isiyo na matundu, dirisha lenye wavu, meza na kiti cha kusomea. Choo kinaweza kuwa cha shimo, bafu linaweza kuwa la nje la mabati, mradi ni safi, mlango una komeo na kuna taa ya kufikia usiku.

Ila usifiche. Piga picha choo, bafu na chumba vilivyo, umtumie mratibu, yaani mtu wa chuo au taasisi inayomleta mwanafunzi, kabla hajakata tiketi. Kuna familia ninayoifahamu iliyotuma picha ya choo cha shemeji yao. Binti alipofika akakuta kingine, hakusema neno, akahama siku ya nne. Choo chao hakikuwa kibaya hata kidogo.

Sijui Kiingereza. Itakuwaje?

Itakuwa vizuri. Mama mkwe wangu anaongea Kiha na Kiswahili cha kuungaunga, na ndiye aliyekuwa akipendwa kuliko sisi sote. Alikuwa akikaa barazani na binti mmoja wa Kijerumani wakichambua maharage, kila mmoja anasema lugha yake. Baada ya wiki mbili binti akawa anaamka na kumsalimia bibi kwa Kiha, "Mwakeye!" kwa sauti inayosikika hadi kwa jirani.

Mambo mawili ndiyo yanayohitaji mkalimani: makubaliano ya mwanzo na mambo ya hospitali. Kwa hayo tafuta mtu, hata mwalimu wa mtaani.

Nitampataje?

Waone vyuo, taasisi za utafiti, hospitali na makanisa yenye wageni, waachie jina lako na picha za nyumba. Akija dalali akitaka umlipe wewe "ada ya kuandikishwa" ndipo akuletee mgeni, mwache apite.

## Makaratasi

Mwanafunzi anatakiwa awe na kibali gani?

Anayekuja kusoma, kufanya utafiti au kujitolea anahitaji kibali kinachoendana na shughuli yake. Kibali cha ukaazi daraja C ndicho kinachotolewa kwa wanafunzi, watafiti na watu wa kujitolea. Mtafiti anahitaji pia kibali cha utafiti kutoka COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na anayegusa wanyamapori hupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Viza ya utalii haimruhusu kufanya kazi wodini wala kukusanya takwimu kijijini, hata kama halipwi senti.

Wanaotoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakiwemo Warundi na Wakongo, wana utaratibu mwepesi zaidi mpakani, lakini muhuri wa matembezi bado ni wa matembezi. Akianza masomo aende Uhamiaji kuuliza, asisubiri kuulizwa.

Kumtafutia kibali si kazi yako. Kazi yako ni kuomba kukiona kabla hajashusha begi.

Akifika nimpeleke wapi?

Kwa mwenyekiti wa mtaa, siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Nenda naye kwa miguu, ukiwa na nakala ya pasipoti na ya kibali, na nakala nyingine ubaki nazo kwenye faili lako. Mkoa wetu unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, kwa hiyo watu wa Uhamiaji hupita kuuliza mara kwa mara. Mwenyekiti anayemfahamu mgeni wako kwa sura atamaliza mazungumzo hayo kwa dakika tano.

Mpitishe na kwa majirani wa pande zote. Mgeni aliyetambulishwa hulindwa na mtaa mzima: mwenye duka atamwambia amepotea njia, bodaboda wa kijiweni atakataa kumtoza mara tatu.

Naweza kumsajilia laini ya simu kwa kitambulisho changu cha NIDA?

Usifanye hivyo. Mgeni anasajili kwa pasipoti yake na alama zake za vidole. Laini iliyo kwenye jina lako ni yako hata baada ya yeye kuondoka nayo, pamoja na chochote kitakachofanywa nayo.

## Fedha

Nitoze kiasi gani?

Chukua daftari, uandike matumizi ya nyumba yako ya wiki moja kwa ukweli: unga, mchele, mboga, mafuta, mkaa au gesi, maji, LUKU, sabuni. Gawa kwa idadi ya watu mnaokula. Hapo una gharama ya mtu mmoja wa nyumbani. Kwa mgeni ongeza kifungua kinywa kilicho kizito zaidi, umeme wa kompyuta, maji ya kunywa, na nyongeza ya dada wa kazi (tazama swali lake chini). Kisha weka kodi ya chumba kwa bei ya mtaani kwako. Kinachopatikana hapo unaweza kukieleza mbele ya mtu yeyote, mstari kwa mstari, bila kubabaika.

Andikeni kwa shilingi. Tangu mwaka 2025 kanuni za Benki Kuu zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na hata kabla ya hapo dola ilikuwa inatuletea ubishi kila mwezi kuhusu imebadilishwa kwa bei gani.

Usiahidi chakula fulani kila siku. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, aliyekuwa ameandika "samaki kila jioni" alipata taabu. Andika "chakula cha familia, milo mitatu", inatosha.

Wakichelewa kulipa nifanye nini?

Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Mwaka mmoja taasisi iliyotuletea mwanafunzi ilikaa miezi miwili bila kulipa. Nikaona aibu kumwambia kijana wa watu, maana alikuwa hana kosa. Nikakopa vikoba, nikapunguza maziwa ya watoto, nikaendelea kumwekea mayai mawili kila asubuhi. Aliyemwambia ni mwanangu wa miaka saba, walipokuwa wanacheza karata: "Mama anasema mayai ni yako tu mpaka hela ije." Kijana alilia. Alikuja jikoni akiwa na simu mkononi, akampigia mratibu pale pale, na ndani ya siku tano fedha ikaingia. Kumbe miezi miwili yote nilikuwa nakaa na mtu ambaye angenisaidia kama ningefungua mdomo.

Sasa makubaliano yetu yako kwenye karatasi moja yenye sahihi tatu, yangu, ya mwanafunzi na ya mratibu. Fedha ya mwezi wa kwanza inalipwa kabla hajafika. Ikichelewa wiki moja, mwanafunzi naye anajulishwa.

Je, nitadaiwa kodi ya serikali?

Mgeni mmoja kwa mwaka ni jambo moja, vyumba vitatu vinavyojaa mwaka mzima ni jambo jingine, hiyo ni biashara. Nenda TRA na manispaa uulize biashara ikiwa bado ndogo.

## Maji, umeme, saa

Maji ya kunywa na ya kuoga tufanyeje?

Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kweli, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko na bomba, yasichotwe kwa kikombe. Kipindupindu tunakijua mkoa huu, mwaka 2015 kilipiga vibaya Kagunga watu walipokimbia kutoka Burundi. Mwonyeshe mgeni chombo chenyewe na umweleze kuwa hata ya kupigia mswaki anachota hapo.

Ya kuoga, mfundishe kuoga kwa ndoo. Nasema mfundishe kwa sababu nimeona. Mmoja alikuwa anajimwagia ndoo nzima kwa mara moja, kisha anatoka na sabuni kichwani kuomba nyingine. Ukishamwonyesha kopo, na kwamba unalowa kwanza, unajipaka sabuni, ndipo unajisuuza, ndoo moja inamtosha na kubaki ya miguu.

Umeme ukikatika?

Awe na tochi na betri ya kuchajia simu. Soketi zetu ni zile za pini tatu bapa, volti 230, kwa hiyo Mmarekani anahitaji adapta na ahakikishe chaja yake inakubali 230. Mwonyeshe LUKU inavyosoma. Akiona namba zinashuka anapochomeka hita ya maji, hutahitaji kumkumbusha tena.

Kwa nini kila tukipanga muda tunapishana?

Kwa sababu saa zetu zinaanza kuhesabiwa asubuhi na zao zinaanza usiku wa manane. Sisi tukisema saa sita, yeye anasikia alfajiri.

Binti mmoja aliambiwa na mvuvi kuwa boti ya kuelekea kaskazini inatoka Kibirizi saa sita. Akaamka saa kumi na moja bila kumwamsha mtu, akaenda na bodaboda gizani. Hapa Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua linatoka karibu saa moja, kwa hiyo alifika pwani bado kiza, wavuvi wa dagaa ndiyo wanarudi na taa zao. Alikaa juu ya kreti saa sita nzima. Mama mmoja wa dagaa akampa kitenge cha kujifunika na uji. Mimi nyumbani nimekuta kitanda kitupu, nimepiga simu haipatikani, nimeshakwenda kwa mwenyekiti.

Tangu siku hiyo, kila mgeni wangu anapewa karatasi ya saa mbili zilizochorwa ubavu kwa ubavu, inabandikwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Na tunasema "saa sita mchana", "saa kumi na mbili alfajiri", hatuachi saa peke yake.

## Chakula

Atakula ugali wa muhogo?

Wengi wanakula, ila si siku ya kwanza. Muhogo una mvuto wake, unanata mkononi, na asiyezoea anautafuna badala ya kuumeza. Anza na wali au ugali wa mahindi, muhogo umuwekee kidogo pembeni aonje.

Kinachowashika haraka ni mgebuka. Mchana nikiukaanga wanasogea wenyewe jikoni. Samaki mwembamba, mrefu, namkata chale tatu kila ubavu, namsugua chumvi na limao mpaka ndani ya chale, namwacha atoke maji kidogo, halafu mafuta yakiwa yameshaanza kuvuta moshi ndipo namlaza. Usimguse mpaka ngozi ijiachie yenyewe. Kijana mmoja wa Japani alikuwa anakaa kwenye kigoda na kuhesabu kwa Kiswahili hadi nigeuze, na alikula kichwa chote akabakisha taya. Wanangu, ambao kichwa huwa wanasusa, wakaanza kugombania.

Mawese ni habari nyingine. Kisamvu cha mawese, ambacho wengi hapa tunakiita sombe, ndicho chakula nikiwa mbali nakikumbuka, lakini tumbo lisilozoea mawese mengi litaharisha. Anza na kijiko kimoja kwenye maharage. Na mwambie avae nguo isiyo nyeupe, doa lake halitoki.

Ana mzio, au hali nyama. Nitapikaje?

Uliza kwa maandishi kabla hajafika, na utaje vyakula kwa majina: karanga, mayai, maziwa, samaki, dagaa. Sisi karanga tunaweka hata pale tusipozifikiria, kwenye mchicha, kwenye kisamvu. Mwenye mzio wa karanga anaweza kufa mezani. Kwa mtu kama huyo ama nyumba nzima inaacha karanga kwa muda huo, ama unasema huwezi. Yote mawili ni majibu mazuri.

Asiyekula nyama ni rahisi: maharage, njegere, kisamvu, mboga za majani, ndizi. Hakikisha tu kama dagaa kwake ni nyama. Kwa wengi ni nyama.

Tule naye sinia moja?

Kama ndivyo mnavyokula, ndiyo, baada ya wiki ya kwanza. Kumtengea sahani yake mezani kila siku huku nyinyi mko jamvini ni kumweka hotelini. Yai lake la asubuhi lichukulie kama upendeleo wa mwisho.

## Kuishi pamoja

Afanye kazi za nyumbani?

Afanye. Kumkataza mtu kuosha kikombe chake kwa miezi mitatu ni kumwambia kila siku kuwa si wa hapa. Chumba chake afagie mwenyewe, nguo za ndani afue mwenyewe, na achague kazi moja ya nyumba. Wetu wengi huchagua kuwasha jiko la mkaa, kwa sababu wanaona ni kama uchawi, na kwa siku tatu za mwanzo chakula huchelewa. Vumilia.

Na dada wa kazi?

Swali hili huulizwa kidogo mno. Mgeni anaongeza maji ya kuchota, vyombo, kuchemsha, mashuka. Kazi hiyo yote inamwangukia dada, na fedha inaingia kwa mama mwenye nyumba. Mwongeze mshahara kwa miezi yote ambayo mgeni yupo, na kiasi hicho kiwe ndani ya hesabu yako tangu mwanzo. Mwambie pia mgeni mbele ya dada mwenyewe kuwa dada hatumwi saa za usiku.

Majirani wanamwomba fedha. Nisemeje?

Hili linawachosha wageni kuliko mbu. Wiki ya pili anaanza kuletewa barua za ada ya shule, picha za mtoto mgonjwa, mtu anataka amnunulie injini ya boti. Shida nyingi kati ya hizo ni za kweli kabisa, ninazijua nyumba zenyewe. Lakini kijana wa miaka ishirini, na wengine wao wamesafiri kwa mkopo, hawezi kuwa benki ya mtaa.

Mimi humpa jibu moja la kukariri: "Mambo ya fedha nimemwachia mama." Kisha wanakuja kwangu, na mimi nawaambia ukweli, kwamba ni mwanafunzi. Hakuna aliyenichukia kwa hilo. Akitaka mwenyewe kusaidia kitu, tunakaa, tunatafuta njia isiyomfanya mtu mmoja awe mdai wa kudumu, kwa mfano vitabu kwa shule nzima.

Na sisi wenyewe wa ndani tujiangalie. Mjomba aliyekuja kusalimia akamweleza mgeni habari ya kiwanja chake kwa saa nzima, huyo ni wako wewe kumtoa nje.

Mavazi, pombe, wageni wa usiku, dini?

Sema kabla, sema kwa sauti ya kawaida, na toa sababu. "Tunakaa na wazee, ukienda Ujiji funika magoti na mabega, watu wengi kule ni Waislamu na utaheshimiwa zaidi." Kitenge cha kujifunga kiwe zawadi yako ya siku ya kwanza. Mwezi wa Ramadhani, kama nyumba inafunga, mwonyeshe chakula cha mchana kilipo, ale bila kujificha wala kukaa barazani nacho. Kanisani na msikitini anakwenda akipenda.

Kuhusu wapenzi na kulala nje, kanuni ya nyumba yetu inafanana na ya wanetu wakubwa: hakuna anayelala chumbani kwa mgeni, na anayelala nje anatuma ujumbe kabla ya saa nne usiku. Bangi ni kosa la jinai, na hilo halina mjadala.

Ukali huo huo uelekeze kwa vijana wa nyumbani. Mgeni wa kike asigongewe mlango usiku na mtu yeyote wa familia. Ikitokea, mwenye kosa ndiye anayeondoka kwanza, hata kama ni mdogo wa baba mwenye nyumba.

## Afya na ziwa

Akipata homa?

Homa yoyote Kigoma ichukuliwe kuwa malaria mpaka kipimo kiseme hapana. Mpeleke siku hiyo hiyo kituo cha afya apimwe, usimpe dawa ya dukani kwa kukisia. Kumeza dawa za kinga hakumzuii kabisa kuugua. Weka kwenye faili (lile la nakala za pasipoti) karatasi ya bima yake, kundi la damu kama analijua, na namba ya mtu wa kwao. Ugonjwa mkubwa unakwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, na mratibu anapigiwa mkiwa njiani.

Mwambie pia kuwa akipata homa miezi kadhaa baada ya kurudi kwao, amwambie daktari wake alikuwa Kigoma. Madaktari wa kule huenda wasiwaze malaria.

Aogelee ziwani?

Maji ni maangavu na yatamvuta, ila kichocho kipo. Hukaa kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, penye majani na konokono, karibu na makazi ya watu. Akiogelea huko, ajikaushe kwa taulo mara moja, na apime wiki sita hadi nane baadaye, dawa yake ipo. Mamba nao wapo sehemu za midomo ya mito. Waulize wavuvi wa mahali hapo, sio watoto.

Botini avae jaketi la kuokolea, hata kama abiria wote wanamtazama. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huja kwa nguvu na ziwa hubadilika ndani ya muda mfupi. Nahodha akisema leo hatuendi, hakuna mtihani wa chuo unaoshinda neno hilo.

## Mambo yanayotokea mara chache

Anataka kwenda kambini kwa wakimbizi. Nimsindikize?

Kambini haingii mtu bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Kama hana, usimpeleke, wala usimtafutie mtu wa kumpitisha.

Anapiga picha kila kitu.

Bandari, askari, mpakani na ofisi za serikali, hapana. Kituo cha reli aulize kwanza, ingawa najua jengo lile la Wajerumani linavutia. Watoto wa mtaani hawapigwi bila mzazi kukubali, na picha za wanangu wakiwa wanaoga au wamevaa nguo za ndani hazipigwi kabisa. Liemba wote wanataka kuipiga, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Hata hiyo aulize, iko bandarini.

Amejifungia chumbani, leo siku ya tatu.

Mara nyingi hutokea kati ya wiki ya tatu na ya tano, shamrashamra zikiisha. Usimjazie watu wa kumchangamsha. Mpelekee chai, kaa mlangoni dakika chache, mwombe akusindikize sokoni kubeba kitu. Akiacha kula au akisema maneno ya kukata tamaa, hapo mpigie mratibu na mpeleke kwa daktari, usiku au mchana.

Hatuelewani kabisa. Naweza kumwomba ahame?

Unaweza, na yeye anaweza kuhama. Makubaliano yenu yawe na wiki mbili za taarifa kwa pande zote na namna ya kurudisha fedha iliyobaki. Mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, mratibu akiwepo, kabla hajasikia kwa watoto.

Akifiwa kwao akiwa kwangu?

Ilitutokea mara moja. Binti wa Uholanzi alipigiwa simu saa tatu usiku kuwa bibi yake amefariki. Tiketi ya kurudi hakuweza kuipata kwa wakati, mazishi yalikuwa ya siku nne mbele, na kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa treni ni zaidi ya kilomita 1,200. Sikujua la kufanya, nikafanya ninalolijua. Nikamwambia jirani mmoja.

Asubuhi walikuwa wamefika akina mama kumi na moja, wametandika mikeka uani, mmoja amekuja na sufuria ya chai, mwingine na kuni. Walimwita, akakaa katikati yao kwenye mkeka. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Mzee wa mtaa akauliza jina la bibi, na alizaa watoto wangapi, akatafsiriwa, akaomba dua. Siku ya mazishi, saa ya kule ilipofika, binti aliweka simu juu ya kigoda, tukaangalia kanisa lao pamoja naye, picha inakatikakatika.

Rambirambi iliandikwa kwenye daftari la shule la mwanangu, jina na kiasi, elfu moja, mia tano, elfu mbili, na mmoja ameandika "dagaa, sado moja". Binti akaniuliza hizi fedha atazirudishaje. Nikamweleza kuwa hazirudishwi, daftari ndilo linalohifadhiwa, ili wao wakifiwa ajue. Fedha aliacha kwa kikundi cha akina mama. Daftari aliondoka nalo.